Dawa za Shamba na Ubongo wa Mwanadamu

Kando ya mito mingi ya Afrika huota mmea wenye majani membamba yaliyopangana kama unyoya, na maua meupe au ya zambarau. Kila kabila lina jina lake. Kwa Kiswahili huitwa utupa. Wavuvi huyatwanga majani yake, huyatia majini mahali palipotuama, kisha hungoja. Haupiti muda mrefu, samaki huibuka wakihema kama watu waliokosa hewa, na watoto huwaokota kwa vikapu. Jioni samaki hao huliwa, wala hakuna aumwaye tumbo. Ndiyo maana tangu zamani watu wameudhania utupa kuwa sumu ya samaki tu, isiyomhusu mwanadamu.

Mabingwa wa elimu ya mimea waliichunguza sumu hiyo, wakakuta ndani yake kitu kiitwacho rotenoni. Rotenoni haimo katika utupa peke yake; imo pia katika mizizi ya mimea fulani ya Asia na ya Amerika ya Kusini, na kwa miaka mingi iliuzwa Ulaya na Marekani kama unga wa kuua wadudu bustanini. Walioiuza waliisifu kuwa ni dawa ya asili, tena isiyo na hatari kubwa kwa mwenye kuitumia. Lakini mwaka 2000 mganga mmoja wa Marekani, J. Timothy Greenamyre, pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Emory, mjini Atlanta, walitoa habari iliyowashangaza wengi. Waliwatilia panya rotenoni kidogo kidogo katika mshipa wa damu, mchana na usiku, kwa muda wa majuma kadhaa. Baadhi ya panya wakawa wazito, migongo ikapinda, viungo vikakakamaa. Ubongo wao ulipochunguzwa, zilionekana zimekufa chembe zile zile ambazo hufa katika ubongo wa wazee wenye maradhi ya kutetemeka.

Samaki, panya na mwanadamu wana maumbo mbalimbali, lakini chembe za miili yao hupata nguvu kwa njia moja. Rotenoni huiziba njia hiyo. Samaki hufa upesi kwa sababu mashavu yake huinyonya sumu mpaka kwenye damu. Mtu alaye samaki hupata kiasi kidogo sana, nacho huvunjwa mwilini. Lakini je, mtu akiipata sumu ya namna hii kidogo kidogo, mwaka hata mwaka, kwa ngozi na kwa pumzi, itakuwaje? Na mtoto aliye bado tumboni mwa mama yake, itakuwaje kwake? Hayo ndiyo maswali ambayo mabingwa wa nchi nyingi wameyashughulikia kwa zaidi ya miaka 30, na majibu yao yawahusu watu wote washikao jembe.

Faida yake haikanushwi

Kwanza tuseme kweli. Dawa za kuua wadudu na magugu zimewasaidia wanadamu. Viwavi waweza kulimaliza shamba la mahindi kwa siku chache, na mama aliyelima miezi mingi akabaki na mabua matupu. Mbu huleta malaria, na dawa zimeokoa watoto wengi. Mkulima anunuaye dawa hafanyi hivyo kwa uchoyo wala kwa ujinga, bali kwa sababu ataka jamaa yake ile.

Lakini dawa hizo ni sumu. Ndiyo kazi yake. Nyingi huua mdudu kwa kuiharibu mishipa yake ya fahamu, na mishipa ya fahamu ya mdudu haikutengwa sana na ya kwetu. Fungu moja mashuhuri lilianzia Ujerumani, katika miaka ya 1930, kwa kazi ya Gerhard Schrader. Alikuwa akitafuta dawa ya wadudu, na mwaka 1936 akagundua sumu kali mno iitwayo tabuni, ambayo jeshi la nchi yake liliichukua iwe silaha ya vita. Dawa nyingi za shamba zilizokuja baadaye ni ndugu wa sumu hiyo, ijapokuwa nguvu zao ni ndogo. Mmojawapo ni klorpirifosi, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1965, ikaenea ulimwenguni kote.

Tueleze jinsi iuavyo. Zamani mababu zetu walipeleka habari toka kijiji hata kijiji kwa ngoma. Mpigaji hupiga neno, kisha hunyamaza, ili mwenzake ng'ambo ya mto apate kusikia na kujibu. Mishipa ya fahamu nayo hufanya vivyo hivyo. Mmoja humwaga tone la maji maji yaitwayo asetilikolini, nalo ndilo neno lake. Mara kimeng'enya cha mwili hulifuta tone hilo, pawe kimya, neno la pili lipate kusikika. Klorpirifosi humzuia mfutaji huyo. Hapo ngoma hulia bila kukoma, habari zote zikavurugika. Mdudu hupiga mateke, hukakamaa na kufa. Mtu aliyepata sumu nyingi hutokwa na mate na jasho, mboni za macho hupungua, misuli hucheza, naye aweza kufa kwa kukosa pumzi. Hayo waganga wameyajua zamani. Jipya ni lile linalotukia pale ambapo kiasi ni kidogo hata mtu haoni dalili yo yote.

Mtoto tumboni mwa mama

Ubongo wa mtoto hautengenezwi siku moja. Kwa miezi tisa ya mimba, na kwa miaka ya kwanza baada ya kuzaliwa, chembe zake huzaliwa, husafiri mpaka mahali pake, kisha hushikana mikono moja na nyingine. Kila jambo lina wakati wake, kama kujenga nyumba: nguzo iliyokosewa wakati wa msingi hairekebishwi baada ya paa kuezekwa. Tena ile asetilikolini tuliyoitaja si mjumbe tu. Katika ubongo unaokua husaidia pia kuziongoza chembe. Basi sumu iigusayo yaweza kuharibu mpango wa jengo lenyewe.

Watu wengi hudhani kwamba kondo la nyuma humkinga mtoto kama ukuta. Sivyo. Mjini New York, mabingwa wa Chuo Kikuu cha Columbia waliwafuata akina mama wajawazito, Wamarekani weusi na wenye asili ya Dominika, waliokaa katika mitaa ya watu wa kipato kidogo. Hawakuwa wakulima; lakini nyumba zao zilipuliziwa klorpirifosi kwa ajili ya mende. Watoto walipozaliwa, damu ya kitovu ilipimwa, na sumu ile ikaonekana humo. Mama na mtoto walikuwa wazima, hakuna aliyelalamika. Lakini watoto hao walifuatwa wakikua, chini ya uongozi wa Virginia Rauh. Mwaka 2011, baada ya kuwapima watoto 265 walipofika umri wa miaka 7, mabingwa walitangaza kwamba kadiri sumu ilivyokuwa nyingi katika damu ya kitovu, ndivyo kipimo cha akili kilivyopungua, hasa nguvu ya kushika jambo kichwani wakati wa kulifanyia kazi, kama mwanafunzi ashikavyo tarakimu akipiga hesabu. Mwaka uliofuata watoto 40 walipigwa picha za ubongo. Kwa wale 20 waliopata sumu zaidi, sehemu fulani za ubongo zilikuwa zimetuna kupita kawaida, na mahali pengine gamba lake lilikuwa jembamba.

Upande wa pili wa Marekani, katika bonde la Salinas, California, hulimwa saladi na matunda madogo mekundu yaitwayo frezi, na wafanya kazi wengi ni watu watokao Mexico. Huko Brenda Eskenazi wa Chuo Kikuu cha Berkeley, pamoja na wenzake, waliandikisha akina mama 601 katika miaka ya 1999 na 2000. Walipima katika mkojo wa mama mabaki ya dawa za fungu la klorpirifosi, wakawangoja watoto wakue. Walipofika miaka 7, wale ambao mama zao walikuwa na mabaki mengi zaidi walipungukiwa na pointi 7 katika kipimo cha akili, wakilinganishwa na wale ambao mama zao walikuwa na mabaki machache zaidi. Katika kipimo hicho mtu wa kawaida hupata 100.

Huenda mtu akasema: pointi 7 ni nini? Kwa mtoto mmoja huenda mwalimu asitambue cho chote. Atasema tu kwamba mtoto huyu ni mzito kidogo, au hatulii. Lakini fikiria shule nzima, au wilaya nzima, ambapo kila mtoto amepungukiwa hivyo. Wale ambao wangeweza kuwa waganga na waalimu watakuwa wachache, na wale washindwao kabisa darasani watazidi. Wala hakuna atakayejua sababu, kwa maana sumu yenyewe ilikwisha kutoka mwilini zamani.

Picha walizochora watoto

Jambo hilo laweza kuonekana hata bila mashine. Kaskazini magharibi ya Mexico, katika jimbo la Sonora, kuna bonde la Yaqui. Watu wa bondeni wametumia dawa nyingi za shamba tangu miaka ya 1940. Ndugu zao wa vilimani, wa kabila lile lile na wenye vyakula vile vile, wao hufuga na kulima bila dawa hizo. Mwanamke mmoja wa Marekani, Elizabeth Guillette, bingwa wa mila na maisha ya watu, alikwenda huko, akacheza na watoto wa miaka 4 na 5: watoto 33 wa bondeni na 17 wa vilimani. Aliwarushia mpira wadake. Aliwaahidi zawadi, na baada ya nusu saa akawauliza kama waikumbuka. Kisha akawapa karatasi na kalamu, akawaomba wachore mtu.

Matokeo yalitangazwa mwaka 1998. Watoto wa bondeni walikuwa warefu na wenye uzito kama wenzao, lakini walichoka upesi, walidaka mpira kwa shida, na walisahau zaidi. Watoto wa vilimani walichora mtu mwenye kichwa, macho, mikono na miguu. Wengi wa bondeni walichora mistari iliyopotoka, isiyotambulikana kuwa mtu. Ni kweli kwamba watoto hao walikuwa wachache, na ya kwamba uchunguzi mmoja mdogo hautoshi kuhukumu. Lakini picha zile ziliwafanya mabingwa wengi waanze kupima kwa uangalifu zaidi, na yale ya New York na Salinas tuliyoyasimulia yalitokea baadaye.

Maradhi ya kutetemeka

Sasa tuvuke toka utotoni mpaka uzeeni. Mwaka 1817 mganga wa London, James Parkinson, aliandika kijitabu juu ya watu waliotetemeka mikono wakiwa wamekaa kimya, waliotembea kwa hatua fupi fupi huku wameinama mbele. Maradhi hayo yameitwa kwa jina lake. Siku hizi twajua kwamba chini katika ubongo kuna sehemu ndogo nyeusi, ambayo chembe zake hutengeneza dopamini, na bila dopamini mwili hautii amri ya kutembea. Chembe hizo hufa polepole. Tena dalili haionekani mpaka sehemu kubwa, labda nusu au zaidi, imekwisha kufa. Kwa hiyo siku mzee aanzapo kutetemeka siyo siku maradhi yalipoanza; yameanza miaka mingi kabla yake.

Kwa muda mrefu hakuna aliyejua kitu cho chote cha nje kiwezacho kuziua chembe hizo peke yake. Mwaka 1982, huko California, vijana kadhaa waliojidunga dawa ya kulevya iliyotengenezwa kwa siri waliletwa hospitalini wamekakamaa kama sanamu, hawawezi kusema wala kusogea. Mganga J. William Langston na wenzake walichunguza mabaki ya dawa ile, wakakuta kitu kiitwacho MPTP, ambacho kikifika ubongoni hugeuka kuwa sumu ya chembe zile zile nyeusi. Walipoiangalia sumu hiyo jinsi ilivyoundwa, waliona inafanana sana na parakwati, dawa ya kuua magugu iliyokuwa ikiuzwa tangu mwaka 1962 na kupuliziwa katika mashamba ya nchi nyingi. Hapo ndipo mabingwa walipowageukia wakulima.

Wakulima walioulizwa

Tangu mwaka 1993 serikali ya Marekani imewafuata wakulima wa majimbo mawili, Iowa na North Carolina, pamoja na wake zao, watu zaidi ya 80,000 kwa jumla. Waliulizwa dawa walizotumia, kwa miaka mingapi na kwa njia gani, kisha wakaangaliwa ni maradhi gani yatakayowapata. Mwaka 2011 mganga Caroline Tanner na wenzake walitoa hesabu: kati ya watu hao walichukua wagonjwa 110 wa maradhi ya Parkinson, wakawalinganisha na watu 358 wasio na maradhi hayo. Ilionekana kwamba waliotumia parakwati walikuwa na maradhi hayo kama mara mbili na nusu kuliko wasioitumia. Waliotumia rotenoni, ile ile ya utupa, hali kadhalika. Basi yale ya panya wa Atlanta hayakuwa mambo ya panya tu.

Nao wakaao karibu na shamba bila kulima, je? Katika bonde kuu la California wenye mashamba hutakiwa kuiarifu serikali dawa waliyopuliza, mahali gani na lini. Mabingwa walioongozwa na Beate Ritz, wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, walizilinganisha taarifa hizo na nyumba za wagonjwa. Mwaka 2009 walitangaza kwamba watu waliokaa kwa muda mrefu katika mita 500 za mashamba yaliyopuliziwa parakwati pamoja na manebu, dawa ya ukungu, walikuwa na hatari iliyozidi kwa asilimia 75.

Kwa nini ukweli huchelewa

Msomaji mwenye akili atauliza: kama ni hivyo, kwa nini mabishano bado yapo? Sababu zipo nyingi, na yafaa tuzitambue.

Kwanza, hakuna mtu mwenye haki atakayempa mama mjamzito sumu ili aone yatakayompata mtoto. Kwa hiyo mabingwa hawana budi kungoja na kulinganisha. Pili, mkulima mmoja hutumia dawa nyingi katika maisha yake, na baada ya miaka 30 hakumbuki zote. Tatu, umaskini, chakula kibaya na risasi katika rangi za nyumba huweza pia kumpunguzia mtoto akili. Kuvipambanua ni kazi ngumu. Nne, miili si sawa: wako wenye uwezo wa kuivunja sumu upesi, na wako wasio nao, na watoto wachanga wanao kidogo kuliko wote.

Wala uchunguzi wote hausemi neno moja. Mwaka 2020 hesabu nyingine ya wakulima wale wale wa Iowa na North Carolina haikuona kwamba parakwati inaongeza maradhi kwa wote kwa jumla. Iliona hatari zaidi kwa wale waliowahi kuumia kichwani. Watengenezaji wa dawa nao hushikilia kwamba haijathibitishwa kuwa ndiyo sababu. Hatuna budi kusema hivyo kwa haki. Lakini yafaa pia kukumbuka kwamba kutothibitishwa siyo kuthibitishwa kuwa salama. Mtu asikiaye mngurumo porini usiku hangoji kuhesabu meno ya simba ndipo afunge mlango.

Yale yaliyoamuliwa na mataifa

Serikali kadhaa zimekwisha kuufunga mlango. Mwaka 2001 Marekani ilikomesha karibu matumizi yote ya klorpirifosi ndani ya nyumba, lakini mashambani iliendelea. Mwaka 2021 serikali iliikataza kwa mazao ya chakula, na mwaka 2023 mahakama ikalitangua katazo hilo. Ulaya iliiondoa mwaka 2020. Mwaka 2025, katika mkutano wa Geneva wa Mapatano ya Stockholm, mataifa yalikubali kuiandika klorpirifosi katika orodha ya sumu zipasazo kukomeshwa ulimwenguni, isipokuwa kwa ruhusa fulani za muda. Kongo ni mojawapo ya mataifa yaliyoingia katika mapatano hayo.

Kuhusu parakwati, mwaka 2007 mahakama ya Ulaya iliitangua ruhusa yake katika nchi zote za Umoja huo, na moja ya sababu ni kwamba habari za uhusiano wake na maradhi ya Parkinson hazikuchunguzwa ipasavyo. Mwaka 2012 Ufaransa iliandika katika sheria kwamba mkulima aliyetumia dawa za shamba akapatwa na maradhi ya Parkinson ahesabiwe kuwa ameugua kwa sababu ya kazi yake, naye alipwe. Hilo ni jambo kubwa: mzee atetemekaye hatazamwi tena kama mtu mwenye bahati mbaya tu, bali kama mfanya kazi aliyeumia.

Lakini sheria ya Ulaya haisimami sokoni kwetu. Dawa iliyokatazwa mahali pamoja yaweza kuuzwa mahali pengine, tena kwa kupimwa kwa kizibo cha chupa, bila karatasi ya maelezo.

Jambo dogo la mifuko ya mikono

Kuna habari moja katika uchunguzi huu ambayo yatia moyo, nayo haihitaji fedha nyingi. Mwaka 2015 mabingwa waliwagawa wakulima wale wa Iowa na North Carolina katika mafungu mawili: waliovaa mifuko ya mikono, yaani glavu, angalau nusu ya siku walizofanya kazi na dawa, na waliovaa mara chache au wasivae kabisa. Kati ya wale wasiojikinga, waliotumia parakwati walikuwa na maradhi ya Parkinson karibu mara nne kuliko wasioitumia. Kati ya wale waliojikinga, ongezeko hilo halikuonekana.

Maana yake ni wazi. Wengi hufunga kitambaa puani, wakidhani sumu hupita kwa harufu tu. Harufu si kipimo. Sumu nyingi imwingiayo mpulizaji hupita katika ngozi, na hasa mikononi, wakati wa kuchanganya dawa kabla haijatiwa maji mengi. Basi mambo yafuatayo yashikwe nyumbani na shambani:

Mifuko ya mikono iwe ya mpira, siyo ya kitambaa, maana kitambaa hunywa sumu na kuigandamiza kwenye ngozi. Ioshwe kwa sabuni kabla ya kuvuliwa. Dawa ikorogwe kwa kijiti, wala si kwa mkono. Mpulizaji avae suruali ndefu, shati la mikono mirefu na viatu vilivyofunika miguu, na upepo uwe mgongoni mwake. Bomba livujalo lisivaliwe mpaka limetengenezwa.

Akirudi, asimbebe mtoto kabla ya kuoga na kubadili nguo. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, naye mwenyewe azifue ikiwa mkewe ni mjamzito. Mama mwenye mimba asichanganye dawa, asipulize, wala asiingie katika shamba lililopuliziwa siku hiyo. Mume asione hili kuwa uvivu wa mke. Anamlinda mtoto wake mwenyewe.

Dawa isiwekwe kamwe katika chupa ya soda au ya bia. Funda moja la parakwati laweza kuua, na mpaka leo waganga hawana dawa ya kuikomesha sumu hiyo. Kopo tupu lisitumiwe kwa maji, chumvi wala mafuta, litobolewe. Bomba lisioshwe mtoni. Mboga zilizopuliziwa zisichumwe kabla ya siku zilizoandikwa kupita, na kabla ya kupikwa zioshwe vizuri.

Tena, kabla ya kununua dawa, tuulize kama yahitajika kweli. Magugu ya shamba dogo hung'olewa kwa jembe. Viwavi wachache huokotwa kwa mkono asubuhi. Kubadili mazao mwaka hata mwaka huwanyima wadudu makao. Wala tusidanganyike kwamba kitu cha asili hakina madhara: rotenoni yatoka katika majani, lakini chembe za ubongo haziulizi sumu imetoka kiwandani au porini. Anayetwanga utupa kwa ajili ya ghala lake la maharagwe ajikinge vile vile.

Kazi ya wanafunzi

Neno la mwisho ni kwenu, wanafunzi. Katika nyumba nyingi dawa ya shamba huja na karatasi iliyoandikwa Kifaransa au Kiingereza, na baba aliyeinunua hawezi kuisoma. Ninyi mwaweza. Angalieni utepe wa rangi ulio chini ya karatasi hiyo: mwekundu ni sumu kali kuliko zote, wa manjano hufuata, kisha wa buluu, na wa kijani ni wa hatari ndogo. Lakini jueni kwamba rangi hiyo huonya zaidi juu ya sumu iuayo upesi. Haielezi yote juu ya yale yajayo baada ya miaka 20. Kwa hiyo tafuteni pia jina la dawa lililoandikwa kwa herufi ndogo. Mkikuta klorpirifosi au parakwati, waambieni wazazi kwa adabu yale mliyoyasoma hapa, na kumwomba baba amuulize mganga wa mimea kama kuna njia nyingine.

Msiguse ninyi wenyewe kopo wala bomba, hata kwa kutaka kusaidia, kwa maana ubongo wenu bado wakua. Someni tu karatasi kwa sauti, neno kwa neno, mama akiwapo.